Knossos, Phaistos, Malia au Zakros: Uliendee Kasri Lipi la Krete?

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili ameshakutana na Krete kwenye Matendo ya Mitume, sura ya 27, meli iliyombeba Paulo ikikipita kisiwa kwa taabu hadi mahali paitwapo Bandari Nzuri. Anakutana nacho tena kwenye waraka kwa Tito. Paulo alipopita hapo, makasri tunayoyalinganisha yalikuwa yameshalala chini ya kifusi kwa miaka 1,500 hivi. Walioyajenga tunawaita Waminoa, jina lililoenezwa na mchimbaji wa Kiingereza Arthur Evans kwa kumfuata Minos, mfalme wa hadithi za Kigiriki. Mwandiko wao mkuu, Lineari A, haujasomwa hadi leo, kwa hiyo jina walilojiita wenyewe limebaki ndani ya vibao vyao.

Makasri yao makubwa ni manne: Knossos, Phaistos, Malia na Zakros. Julai 2025 UNESCO iliyaandikisha kwenye orodha ya urithi wa dunia pamoja na vituo vingine viwili, Zominthos ulioko mlimani Psiloritis na Kydonia uliofunikwa na mji wa Chania. Hivyo viwili tunaviacha kando. Kydonia inaonekana kama mashimo ya uchimbaji kati ya nyumba za watu, na Zominthos ni ya mtu ambaye manne haya ameshayamaliza.

Kisiwa kina urefu wa kilomita 260 hivi, na uti wake ni milima. Mwenye siku mbili tatu lazima achague, na wengi huchagua kwa umaarufu wa jina. Swali la kujiuliza ni jingine: unataka kuona kasri lililosimamishwa upya, ukuta una rangi na nguzo zina dari juu yake, au unataka kuona jiwe lenyewe pale mjenzi alipoliacha? Knossos ni jibu la swali la kwanza. Phaistos ni jibu la pili, na kwa maoni yetu ndilo kasri bora kati ya yote manne, ila si la kuanzia.

Jibu la haraka kwa mwenye haraka

Siku moja: Knossos asubuhi na mapema, Makumbusho ya Akiolojia ya Heraklion, mji mkuu wa kisiwa, alasiri.
Siku mbili: ongeza Phaistos, na njiani usimame Gortyn.
Una wazee au watoto wadogo: Malia. Ni tambarare, ni karibu, na bahari iko hapo hapo.
Una gari, una usiku mmoja wa kulala huko, na umati wa watu unakuchosha: Zakros.

Kulisoma kasri lolote kati ya haya

Mpango ni mmoja, na ukishaujua hupotei. Tafuta kwanza ua wa kati, ule uwanja mrefu wa mstatili unaolala kaskazini hadi kusini. Knossos una mita 50 kwa 25 hivi. Phaistos unakaribiana nao. Malia unapungua kidogo tu. Zakros ni mdogo, mita 30 kwa 12. Kila chumba kinahesabiwa kutoka kwenye ua huu. Upande wa magharibi ndiko kwenye maghala marefu membamba ya mitungi, na vyumba vya ibada. Nje zaidi, magharibi ya ukuta, kuna ua mwingine wenye njia za mawe zilizoinuka kidogo juu ya sakafu, ambako watu wa mji walikusanyika.

Kisha tafuta vitu vitatu. Visima vya mwanga: ni nafasi ndogo zisizo na paa katikati ya vyumba, za kuingizia mwanga na hewa. Kuta za milango: badala ya ukuta mzima, safu ya nguzo za mraba zenye milango katikati, ambayo wenye nyumba waliifungua wakati wa joto na kuifunga wakati wa baridi, leo utaona vitako vyake tu, vya umbo la herufi H au T sakafuni. Na mabwawa madogo yaliyozama chini kwa ngazi, ambayo Evans aliyaona kuwa ya kutawadhia. Hayana tundu la kutolea maji, ndiyo maana wataalamu wengi hawakubali kwamba yalikuwa bafu za kawaida.

Tarehe nazo ni chache za kukariri. Makasri ya kwanza yalijengwa karibu na 1900 KK. Yakaanguka karibu na 1700 KK, wengi wakilaumu tetemeko la ardhi. Yakajengwa ya pili juu yake, mazuri zaidi, nayo yakateketea karibu na 1450 KK, isipokuwa Knossos iliyoendelea kwa vizazi kadhaa chini ya watawala waliotumia Kigiriki. Mtu akikwambia volkano ya Santorini iliyafuta makasri kwa siku moja, usimfuate: majivu ya volkano hiyo yamekutwa chini ya matabaka ya majengo ambayo watu waliendelea kuyatumia baadaye.

Knossos

Iko kilomita 5 kusini ya Heraklion, na basi la mjini namba 2 linakufikisha getini. Aliyechimba wa kwanza hakuwa Evans. Alikuwa mfanyabiashara wa Heraklion, kwa bahati jina lake Minos Kalokairinos, mwaka 1878. Alifungua sehemu ya ghala la magharibi na kutoa mitungi mikubwa. Evans alinunua eneo na kuanza kazi Machi 1900, na ndani ya wiki chache alikuwa amekifikia chumba cha kiti cha enzi.

Hapa ndipo mgeni anapohitaji kuwa macho. Sehemu kubwa ya unachokiona kimesimama Knossos ni zege ya karne ya 20. Evans hakuanza kwa kupenda mapambo. Kuta za Waminoa zilifungwa kwa mbao ndani ya mawe, mbao zikaungua au zikaoza, na udongo wenyewe ndio uliokuwa umeshikilia ghorofa zisianguke. Ukiutoa udongo, ngazi inashuka. Tena mawe mengi ni ya jasi, jiwe laini linaloyeyuka kwa mvua kama sukari inavyoyeyuka polepole kwenye maji baridi. Alianza kuziba kwa mbao, zikaoza. Akatumia matofali na chuma. Kuanzia miaka ya 1920 akamwaga zege yenye nondo na kuinua ghorofa nzima kwa kukisia. Leo nondo zenyewe zinaota kutu na kupasua zege, na wahifadhi wanaitibu zege ya Evans kama wanavyotibu jiwe la kale.

Namna ya kutofautisha ni rahisi. Boriti zenye mistari ya mbao na rangi ya njano-kahawia ni zege iliyopakwa rangi. Nguzo nyekundu zinazopungua unene kuelekea chini ni za karne ya 20 zote, ingawa umbo lake lina ushahidi kwenye michoro ya kale. Mawe ya kijivu yanayometameta jua likiyapiga, yenye kingo zilizolika, hayo ni jasi ya Waminoa. Michoro yote ya ukutani ni nakala. Asili yake iko makumbusho. Yule kijana mwenye taji la mayungiyungi aliunganishwa kutoka vipande vichache, na wako wataalamu wanaoona kwamba vipande hivyo vilikuwa vya watu zaidi ya mmoja.

Kiti cha enzi chenyewe ni cha kweli. Ni cha jasi, kimeegemea ukuta wa kaskazini wa chumba chake, kati ya mabenchi ya mawe. Kwenye chumba cha mbele kuna kiti cha mbao kilichoigizwa kwa kipimo kile kile, kwa hiyo angalia vizuri unapiga picha kipi. Foleni ya chumba hiki ndiyo ndefu kuliko zote. Ukiingia saa mbili asubuhi geti likifunguliwa, nenda hapo moja kwa moja, mengine uyarudie.

Baada ya hapo, acha msongamano uende kwenye michoro, wewe nenda ukaangalie ghala la magharibi: vyumba 18 vyembamba vilivyopangana, mitungi mingine yenye kimo cha mtu, na sakafuni visanduku vya mawe vilivyozikwa. Tazama sehemu za chini za kuta. Kuna madoa meusi yaliyoingia ndani ya jasi: ni moshi wa moto wa mwisho. Moto huo huo ndio uliotuachia habari zote za kasri, kwa sababu vibao vya udongo vilivyokuwa vikaushwe juani tu na kufinyangwa upya viliivishwa kama vyungu. Zaidi ya 3,000, vizima na vipande, vimetoka Knossos vikiwa na mwandiko wa Lineari B, ambao Michael Ventris aliufumbua mwaka 1952 na kuonyesha kwamba ni Kigiriki cha kale. Vingi ni hesabu: kondoo wapatao 100,000 kisiwani, sufu, mafuta, magurudumu ya magari ya farasi.

Kimoja kati yake ndicho kinachotosha kumleta mtu Knossos. Kina mistari miwili ya sadaka: kwa miungu wote, mtungi mmoja wa asali, kwa Bibi wa Labirintho (lile jengo la njia za kupoteza la hadithi za Kigiriki), mtungi mmoja wa asali. Neno limeandikwa *da-pu-ri-to*, na ndivyo wengi wa wataalamu wanavyolisoma. Kwa hiyo miaka mamia kabla ya washairi wa Kigiriki kusimulia habari za Theseus, karani wa Knossos alikuwa akipima asali ya mungu mwenye jina la jengo hilo, na kipimo chake kilikuwa sawa na cha miungu wengine wote kwa pamoja.

Hadithi iliyobaki unaijua au utaisikia kwa kila muongozaji: Minos anamwomba Poseidon, mungu wa bahari, fahali, anakataa kumchinja, mkewe Pasiphae anaingiwa na mapenzi ya mnyama huyo, anazaliwa Minotauros mwenye kichwa cha ng'ombe, fundi Daidalos anamjengea Labirintho, na Athens inatoa vijana saba na wasichana saba awale, mpaka shujaa Theseus anapoingia na uzi wa Ariadne, binti Minos, na kumwua. Ukitaka alama ya hadithi hiyo kwenye jiwe, tafuta shoka lenye makali mawili. Limechongwa kwenye mawe ya nguzo za mraba za upande wa magharibi, tena na tena. Na kutoka kwenye ua tazama kusini: mlima Juktas, mita 811, una umbo la uso wa mwanamume aliyelala chali. Wakrete walisema ni kaburi la Zeus. Wagiriki wengine walikasirika kusikia mungu asiyekufa ana kaburi, na mshairi Kallimachos aliunganisha kaburi hilo na ile sifa ya Wakrete kuwa waongo siku zote, sifa ambayo msomaji wa Tito 1:12 ameshaisoma kwa Kiswahili.

Knossos inahitaji saa mbili na nusu. Kinachoharibu ziara ni joto la kuanzia saa tano, wakati mabasi ya watalii kutoka mahotelini na melini yanapofika pamoja. Tiketi kata mtandaoni mapema.

Phaistos

Kilomita 60 hivi kusini magharibi ya Heraklion, upande wa pili wa kisiwa, juu ya kilima kinachoutazama uwanda wa Messara. Walichimba Waitaliano, Federico Halbherr na Luigi Pernier, kuanzia 1900, mwaka ule ule wa Evans. Wao hawakujenga upya. Waliimarisha, wakaziba nyufa, wakaezeka vyumba vichache vya jasi, wakaacha. Ukifika moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege bila kupita Knossos, unaweza kuona mawe matupu na kuuliza kasri liko wapi. Ndiyo maana tunasema si la kuanzia.

Ukilifikia ukiwa na mpango kichwani, linafunguka. Anza na ngazi kubwa ya magharibi, pana karibu mita 14. Chuchumaa utazame ukingo wa kidaraja kimoja kwa usawa wa jicho: katikati kimeinuka kidogo kuliko pembeni. Mchongaji alikikata hivyo ili maji ya mvua yateremke kandoni, yasituame. Kazi hiyo imefanywa kidaraja kwa kidaraja, kwa mkono, na hakuna aliyeigusa tangu hapo.

Geuka sasa uangalie ua wa magharibi ulio chini. Faida kubwa ya Phaistos ni hii: makasri mawili yanaonekana kando kwa kando. Kasri la kwanza lilipoanguka, wajenzi hawakulibomoa. Walimwaga juu yake tabaka nene la chokaa, mawe na vigae, wakausawazisha uwanja na kulijenga la pili mita kadhaa nyuma. Tabaka hilo liliuhifadhi ukuta wa mbele wa zamani, na wachimbaji walipoliondoa, kasri la zamani likaonekana lilivyokuwa: safu ya mawe makubwa yaliyosimamishwa wima, ua wenye njia zilizoinuka, na vidaraja vinane virefu vya kukalia upande wa kaskazini. Knossos imekupa wazo la Evans kuhusu kasri. Hapa unayaona maamuzi ya Waminoa wenyewe, lipi walifunika na lipi walianza upya.

Kwenye ua wa kati simama upande wa kusini utazame kaskazini. Mlango una nguzo nusu mbili pembeni na vijichumba vya walinzi, na juu yake kabisa Psiloritis, mita 2,456, mlima mrefu kuliko yote ya Krete. Chini ya kilele cha kulia kuna doa jeusi: ni mdomo wa pango la Kamares, lililotoa jina la vyombo vya udongo vyembamba vyenye rangi nyeupe na nyekundu juu ya weusi, ambavyo mafundi wa Phaistos walivitengeneza vizuri kuliko wote.

Kitu maarufu cha Phaistos hakiko Phaistos. Kisahani cha udongo chenye kipenyo cha sentimita 16, kilichookotwa Julai 1908 kwenye vyumba vya kaskazini mashariki, kiko kwenye kabati lake makumbusho ya Heraklion. Kina alama 45 tofauti zilizogongwa kwa mihuri kwenye udongo mbichi, zikizunguka pande zote mbili kama ganda la konokono: kichwa chenye shungi la manyoya, ngao, samaki, mtu anayetembea. Kila mwaka mtu hutangaza kwamba amekisoma. Maandishi ni mafupi mno kiasi kwamba hakuna usomaji unaoweza kupimwa, kwa hiyo usinunue kitabu kinachoahidi tafsiri.

Upungufu wa Phaistos uuelewe kabla: michoro ya ukutani ni kidogo sana, kivuli ni kidogo zaidi, na jina lake limeandikwa namna tatu kwenye vibao vya barabarani, Phaistos, Faistos na Festos. Ni mahali pamoja.

Unaporudi au unapokwenda, usiipite Gortyn, kilomita 15 hivi kabla ya Phaistos na kando ya barabara hiyo hiyo. Ilikuwa makao makuu ya Krete wakati wa Warumi, na lipo gofu la kanisa la Mtakatifu Tito, yule yule wa waraka. Fuvu lake lilirudishwa kutoka Venice mwaka 1966 na limo kanisani kwake Heraklion. Lakini kikubwa ni ukuta wa sheria nyuma ya ukumbi mdogo wa Kirumi: mistari zaidi ya 600 iliyochongwa karibu na 450 KK, mstari mmoja ukisomwa kwenda kushoto na unaofuata kwenda kulia, jinsi ng'ombe wa jembe wanavyogeuka mwisho wa shamba. Mwanamke aliyeachika huondoka na mali aliyokuja nayo, nusu ya mazao yaliyotokana na mali yake na nusu ya alichofuma, na kosa likiwa la mume, huongezewa stateri tano, sarafu za wakati huo. Katika urithi, mwana wa kiume hupata mafungu mawili na wa kike moja. Msomaji wa pwani ataitambua hesabu hiyo kutoka kwenye mirathi ya Kiislamu, ingawa sheria hizi mbili hazikutoka chanzo kimoja.

Hapo hapo Gortyn utaonyeshwa mchenari usiopukutisha majani. Zeus, akiwa na umbo la fahali, alimleta Europa kutoka Foinike na kulala naye chini ya mti huo. Wakazaliwa ndugu watatu: Minos, ambaye ni wa Knossos, Rhadamanthys, ambaye mapokeo yanampa Phaistos, na Sarpedon, anayehusishwa na Malia.

Malia

Kilomita 37 hivi mashariki ya Heraklion. Onyo la kwanza ni la jina. Mji wa Malia ni mji wa disko na vijana wa likizo, na magofu yako kilomita 3 mbele yake. Ukishuka kwenye basi mjini utatembea juani bila kivuli; mwambie dereva unakwenda kwenye magofu.

Joseph Hatzidakis aliligundua mwaka 1915, na Wafaransa wakaendelea nalo kuanzia miaka ya 1920 hadi leo. Limejengwa kwa jiwe la mchanga la hapo hapo na tofali mbichi, halina anasa ya jasi, na limeachwa kwenye urefu wa goti au kiuno. Kwa mtoto ni ramani anayoweza kuitembea. Vitu vya kutafuta ni viwili: maghala manane ya nafaka ya duara kwenye kona ya kusini magharibi, na jiwe la mviringo lenye vishimo 34 pembezoni, ambalo wengine wanaliona meza ya kutolea mazao ya kwanza na wengine ubao wa mchezo kama bao. Nje ya kasri, Mtaa wa Mu umeezekwa paa, na ni hapo utakapoona nyumba za fundi wa mihuri, mfinyanzi na mfua shaba, jambo ambalo makasri mengine hayaonyeshi vizuri hivi. Kidani cha dhahabu cha nyuki wawili wanaoshika tone la asali kilitoka makaburi ya Chrysolakkos, karibu na bahari; asili yake iko Heraklion. Saa moja na nusu inatosha.

Zakros

Mashariki kabisa. Heraklion hadi Sitia ni kilomita 130 hivi, na kutoka Sitia kuna karibu 45 nyingine za kona. Vijiji viko viwili: Ano Zakros juu mlimani na Kato Zakros ufukweni. Kasri liko Kato, na kati yake kuna Korongo la Wafu, lililoitwa hivyo kwa sababu Waminoa walizika kwenye mapango yake. Njia ya miguu inashuka ndani ya korongo hilo hadi kasrini. Ukianzia kijijini juu, weka saa mbili hadi tatu na viatu vya kushika mawe. Mvua ikiwa imenyesha siku hiyo au jana yake, usishuke.

Mwaka 1901 Mwingereza David Hogarth alichimba nyumba za mji akaondoka bila kujua kasri liko mita chache tu kutoka alipochimba. Nikolaos Platon alilifungua kuanzia 1961, na akalikuta halijaporwa. Watu walikimbia karibu na 1450 KK na hawakurudi kuchukua vitu. Kwenye maghala mlikuwa na pembe za ndovu nzima na mikuo ya shaba, bidhaa za meli kutoka mashariki ya Mediterania. Kulikuwa na chombo cha kumiminia sadaka kilichochongwa kutoka kwenye jiwe la fuwele, chenye mkono wa shanga zilizogeuka kijani kwa shaba iliyozishika. Kilikuwa vipande zaidi ya 300, na sasa ni kimoja cha vitu vizuri kuliko vyote makumbushoni. Kisimani kulikuwa na kikombe cha zeituni, zimebaki na nyama yake kwa kukaa majini, na zikasinyaa dakika chache baada ya kutolewa.

Ardhi ya mashariki ya Krete imezama tangu enzi hizo, kwa hiyo maji yanapanda sakafuni na kobe wa majini wanaishi kwenye birika la duara. Nenda mwishoni mwa kiangazi ukitaka kuona sakafu nyingi. Nenda masika ukitaka maua na kobe.

Pango la Zeus: ni lipi?

Hadithi husema Zeus alifichwa pangoni Krete akiwa mtoto mchanga, na yako mapango mawili yanayogombea sifa hiyo. La Psychro, kwenye uwanda wa Lasithi, liko mita 1,025 juu ya bahari, lina ngazi, taa na bwawa ndani. Waliozuru zamani walichomeka visu na mashoka madogo ya shaba kwenye nyufa za mawe ya matone, na Hogarth mwaka 1900 alilipua mawe kwa baruti ili afike chini. La Ida liko karibu mita 1,500, juu ya Psiloritis. Ndani yake zilitoka ngao za shaba za karne ya 8 na 7 KK, zikikumbusha Kouretes, wapiganaji wa hadithi waliogonga ngao zao ili Kronos, baba aliyewameza watoto wake, asisikie kilio cha Zeus. Kwa kuona pango, nenda Psychro. Kwa mlima, nenda Ida, ila barabara yake hufungwa na theluji wakati wa baridi.

Kupanga siku

Makumbusho yafuate kasri, yasitangulie. Ukiuona mchoro wa kuruka fahali kabla ya Knossos ni picha nzuri tu. Ukiuona baadaye, unajua ulitoka ukuta gani. Panda ghorofa ya juu kwanza, kwenye michoro, kabla macho hayajachoka, kisha ushuke kwenye kisahani, nyuki na sanamu ndogo za mabibi walioshika nyoka. Sehemu ya kila mchoro iliyo laini na yenye rangi kali ni ya warekebishaji. Vipande vilivyokwaruzika vilivyoinuka kidogo ndivyo vya kale.

Miezi mizuri ni Aprili, Mei, na kuanzia nusu ya Septemba hadi Oktoba. Julai na Agosti beba maji lita moja na nusu kwa kila mtu, hasa Phaistos na Malia. Kuanzia Novemba hadi Machi, Jumapili ya kwanza ya mwezi kuingia ni bure, na hali kadhalika tarehe 6 Machi, 18 Aprili, 18 Mei, 28 Oktoba na wikendi ya mwisho ya Septemba. Saa za kuwa wazi za Malia na Zakros ni fupi kuliko za Knossos, kwa hiyo ziangalie kwenye tovuti ya Wizara ya Utamaduni ya Ugiriki usiku wa kuamkia safari, hasa kwa Zakros, maana kutoka hapo hakuna kasri jingine karibu la kukimbilia.